Picha za Ndani ya Kichwa: Somo juu ya Uvimbe wa Ubongo kwa Watoto

Somo hili ni juu ya ugonjwa ambao hatuuoni mara nyingi, lakini ukimshika mtoto na sisi tusipoutambua humharibu upesi. Ni uvimbe unaoota ndani ya kichwa, katika ubongo wenyewe. Tutasema pia juu ya mashine zinazopiga picha ya ubongo pasipo kupasua mfupa, na namna picha hizo zinavyowasaidia waganga kujua ni uvimbe gani.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa vilima vya Masisi, upande wa Nyabiondo, alimleta binti yake wa miaka saba kwenye kituo cha afya nilikokuwa nikitumika. Alisema, "Munganga, mtoto huyu kila asubuhi anaamka na kutapika. Akiisha kutapika anaomba bugali, anakula vizuri, na kwenda kucheza." Nilimshika tumbo, nikampa dawa ya minyoo. Baada ya posho mbili wakarudi. Sasa kichwa kilimwuma usiku hata akalia. Nilipima damu, nikaona vidudu vya malaria vichache, nikampa dawa ya malaria. Ninyi mnaokaa mabondeni, karibu na Lowa au kule Walikale msituni, mnajua: ukipima damu ya watoto wetu, mara nyingi utaona malaria, hata kama siyo inayowaumiza siku ile. Mara ya tatu nikampa tena dawa ya minyoo. Mama akaniambia kwamba binti anatembea miguu ikiwa imepanuka, kama mtu aliyekunywa kasiksi, na akibeba kidumu cha maji anaanguka. Mimi nikaandika katika kitabu cha wagonjwa: udhaifu, damu kidogo.

Basi, mambo matatu yalikuwa mbele ya macho yangu. Kutapika asubuhi, kichwa kuuma usiku, na mwendo wa mlevi. Nilitibu kila moja peke yake, sikuyaunganisha. Habari za mtoto huyu nitazimaliza mbele.

UBONGO NA NYUMBA YAKE

Ubongo umekaa ndani ya mfupa wa kichwa kama yai ndani ya ganda, na ganda halipanuki. Kwa mtoto mchanga mifupa haijashikana bado, na utosi wake ni laini. Kitu kikiongezeka ndani, kichwa kinakua. Ndiyo sababu siku ya kupima watoto kilo tunazungusha mita kichwani pia. Akina mama wengine hucheka wakiona hivyo, wakidhani tunapima kofia. Lakini kwa mtoto mkubwa mfupa umekwisha kufungwa. Kitu kikiota ndani hakina mahali pa kwenda, kinaubana ubongo.

Tena ndani ya ubongo mna maji safi kama ya chemchemi. Hutengenezwa kila siku, hushuka katika njia nyembamba mpaka kisogoni, halafu huzunguka ubongo na uti wa mgongo na kurudi katika damu. Kwa watoto, uvimbe mwingi huota kisogoni, karibu na njia hiyo. Ni kama udongo ulioporomoka barabarani kati ya Sake na Masisi wakati wa mvua: motokari zote zinasimama nyuma yake. Maji yanajaa nyuma ya kizuizi na kubana ubongo. Mtoto akilala usiku, msukumo ule unazidi. Kwa hiyo kichwa kinamwuma kabla ya jua kutoka, naye anatapika akiamka. Akiisha kutapika na kusimama anapata nafuu kidogo, anaomba chakula. Kutapika huku hakutoki tumboni.

Kisogoni ndimo mlimo pia ubongo mdogo, unaosimamia mwendo na mizani ya mwili. Ukibanwa, mtoto anayumba, mikono inatetemeka akitaka kushika kikombe, na kuandika kwake shuleni kunaharibika.

ALAMA ZA KUANGALIA

Kila mtoto hutapika siku moja moja, na kila mtoto huumwa kichwa akipata homa. Tusitishane. Jambo la kuangalia ni lile linaloendelea, na yale yanayokuja mawili au matatu pamoja. Kutapika kunakopita posho mbili, hasa asubuhi na pasipo kuhara. Kichwa kinachouma kupita posho nne, au kinachomwamsha mtoto usingizini. Mtoto aliyejua kutembea vizuri anaanza kuyumba. Jicho moja linapinda, au macho yanachezacheza, au anasema anaona vitu viwili viwili. Anainamisha kichwa upande mmoja siku zote kama anayesikiliza kitu. Anakuwa mzito, analala mchana, mtoto aliyekuwa mchangamfu. Anashikwa na kifafa pasipo homa. Kwa mtoto mchanga, kichwa kinakua upesi, utosi unavimba, na macho yanatazama chini kama jua linalotua.

Huko Uingereza, nchi yenye hospitali nyingi, waganga waliona kwamba watoto walikuwa wakikaa na alama hizi kupita miezi mitatu kabla ya kujulikana. Mwaka 2011 walianza kazi iliyoitwa HeadSmart. Waliandika alama katika kadi ndogo na kuzigawia wazazi, walimu na waganga. Muda ule ulipungua kutoka karibu posho 14 mpaka karibu posho 7. Hawakuleta mashine mpya kwa kazi hiyo. Kadi tu! Nimelisema jambo hili kwa sababu wengi hapa hufikiri kwamba sisi tumeshindwa kwa kukosa mashine. Mashine tumekosa, kweli. Lakini binti yule wa Nyabiondo alikuja kwangu mara tatu, na kilichokosekana mara tatu hizo hakikuwa mashine.

RADIO, EKOGRAFI NA SKANERI

Wengi wenu mmepigwa radio ya kifua au ya mguu uliovunjika. Mionzi hiyo iligunduliwa na Mdachi mmoja, Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg mwezi wa 11 mwaka 1895. Alipiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana pamoja na pete. Radio huonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo ni laini, umejificha ndani ya mfupa, nao huonekana kama ukungu wa asubuhi tu. Kwa hiyo usifadhaike munganga akikataa kumpiga mtoto wako radio ya kichwa kwa ajili ya alama hizi. Haisaidii sana.

Waganga wa zamani walijitahidi. Mwaka 1918 huko Baltimore, Marekani, munganga Walter Dandy aliingiza hewa katika mahali pa maji ndani ya ubongo, ili vivuli vyake vionekane kwenye radio. Kazi hiyo ilimwumiza mgonjwa na ilikuwa na hatari.

Kwa mtoto mchanga kuna njia nyepesi iliyo karibu nasi. Ni ekografi, ile ile tunayotumia kwa wanawake wenye mimba. Utosi ukiwa wazi bado, munganga anaweka mashine juu yake kama mtu anayechungulia dirishani, na kuona kama maji yamejaa. Hakuna sindano, hakuna mionzi. Mfupa ukiisha kufungwa, dirisha limefungwa.

Halafu ikaja skaneri. Mwingereza Godfrey Hounsfield alikuwa akitumika katika kampuni ya EMI, kampuni iliyojulikana kwa sahani za gramafoni. Aliwaza hivi: badala ya kupiga radio kutoka upande mmoja, tupige kutoka pande zote, halafu mashine ya hesabu iunganishe vivuli vyote. Tarehe 1 mwezi wa 10 mwaka 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hiyo. Alikuwa mama mmoja aliyedhaniwa kuwa na uvimbe wa ubongo, na uvimbe ukaonekana. Hesabu ya kazi hiyo ilikuwa imefikiriwa mbele na Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg na kutumika katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town. Wote wawili walipewa tuzo la Nobel mwaka 1979. Basi Afrika ina sehemu yake katika mashine hii.

Fikiri fromaji ya Masisi. Ukiitazama kwa nje ni nzima. Ukitaka kujua kama imeoza ndani, unaikata vipande vyembamba, na kila kipande kinakuonyesha tundu zake. Skaneri inakata kichwa namna hiyo kwa picha tu, pasipo kisu. Kazi inakwisha kwa dakika chache. Inaonyesha maji yaliyojaa, damu iliyomwagika, na uvimbe mkubwa. Ubaya wake ni kwamba inatumia mionzi ya radio, tena mingi kuliko ile ya kifua, na kwa mtoto haifai kuirudia rudia pasipo sababu. Lakini mtoto aliye na alama zile tulizosema, na skaneri ipo, apigwe. Hatari ya kutokujua ni kubwa kuliko ya mionzi ya siku moja.

MASHINE YA SUMAKU

Iko mashine nyingine, waganga wetu huiita IRM. Haina mionzi ya radio. Ina sumaku yenye nguvu. Zilizo nyingi katika hospitali kubwa zina nguvu inayopita ile inayogeuza sindano ya dira kwa mara 30,000. (Hapa neno radio linatuchanganya. Radio ya kifua na redio ya habari si kitu kimoja. IRM hutumia mawimbi ya redio ya habari, ambayo hayaumizi mwili.)

Wengi wameniuliza sumaku inawezaje kuona. Nitajaribu kueleza kwa mfano wa ng'ombe. Mwili umejaa maji, na ndani ya maji mna chembe ndogo sana, kila moja kama sumaku ndogo. Watazame ng'ombe kwenye malisho ya Masisi: kila mmoja ameelekea upande wake. Sumaku kubwa inawafanya waelekee upande mmoja. Halafu mashine inatuma wimbi la redio, kama mchungaji anayepiga mluzi, nao wanageuka. Mluzi ukikoma wanarudi walivyokuwa, lakini si wote kwa mwendo mmoja. Ndama hurudi upesi, ng'ombe mnene polepole. Mashine inasikiliza jinsi wanavyorudi na kujua: hapa pana maji matupu, hapa pana mafuta, hapa pana ubongo mzima, hapa pana kitu kigeni. Hivyo picha inatokea, nayo ni safi kuliko ya skaneri, hasa kisogoni, ambapo mifupa minene huichafua picha ya skaneri.

Mtoto analazwa katika tundu la mashine karibu nusu saa au saa nzima, na mashine inagonga kwa kelele kama mtu anayepiga mabati. Akitikisika, picha inaharibika. Kwa hiyo watoto wadogo hupewa dawa ya usingizi, na mtu aliyefundishwa hukaa nao akiangalia pumzi yao. Mara nyingi wanamtia pia dawa katika mshipa wa mkono, iitwayo gadolinyumu, inayofanya sehemu nyingine za uvimbe zing'ae.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifurahisha nilipojifunza. Mashine hiyo hiyo inaweza kuulizwa maswali zaidi.

Swali moja ni hili: maji yanatembeaje ndani ya uvimbe? Mvua ikinyesha katika shamba la migomba iliyopandwa mbali mbali, maji yanapita bila shida. Lakini mahali watu walipobanana, kama mlangoni pa kanisa siku ya Noeli, hata mtoto hapiti. Uko uvimbe wa kisogo uitwao medulobilastoma. Chembe zake zimebanana sana, na maji hayatembei ndani yake. Uko mwingine uitwao astrositoma ya namna ya upole. Chembe zake zimekaa mbali mbali, na maji yanatembea. Kwenye picha ya kawaida vyote viwili ni donge kisogoni. Kwa kuuliza mwendo wa maji, munganga anaanza kuvitofautisha kabla ya kupasua. Na tofauti ni kubwa. Astrositoma hii ikitolewa yote, mara nyingi mtoto anapona, wala hahitaji dawa nyingine. Medulobilastoma inataka kupasuliwa, halafu dawa kali za kansere, na mionzi ya kuponya kama mtoto si mdogo mno. Tena inapenda kusafiri na yale maji mpaka mgongoni; kwa hiyo wanapiga picha ya mgongo mzima pia.

Swali la pili ni juu ya damu. Uvimbe mkali mara nyingi hujitengenezea mishipa mingi ili upate chakula. Picha ya mwendo wa damu inaonyesha sehemu zinazokula sana.

Swali la tatu ndilo la ajabu. Mashine inasikiliza ni vitu gani vimo ndani ya uvimbe. Mama akipita nyuma ya jikoni la jirani anajua kwa harufu kama ni sombe au samaki, pasipo kufunua chungu. Ndivyo ilivyo. Ubongo mzima una kitu chake kinachotoka katika chembe zilizo hai za ubongo. Pakiwa na uvimbe kinapungua. Kitu kingine, kinachohusu kujenga kuta za chembe, kinaongezeka mahali chembe zinapozaana upesi. Waganga wa watoto wa Birmingham, Uingereza, pamoja na wenzao, wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, wakilinganisha harufu hizi, kama naweza kuziita hivyo, na uvimbe uliotolewa baadaye.

Tena mashine inaweza kuchora nyuzi za ubongo, zile zinazopeleka amri ya kusema na kutembea, ili mwenye kupasua ajue mahali pasipoguswa.

Pamoja na hayo yote, picha haimalizi shauri. Mara nyingi lazima kipande cha uvimbe kitolewe na kutazamwa kwa mikroskopi. Tangu mwaka 2021 kitabu cha Shirika la Afya la Dunia kinataka hata mambo ya urithi ya chembe yatazamwe, kabla ya kuutaja uvimbe wa namna nyingi. Kuna mahali pamoja ambapo picha mara nyingi huamua peke yake. Ni uvimbe unaoenea ndani ya shina la ubongo. Huo hauwezi kutolewa. Mionzi inampa mtoto miezi kadhaa, lakini karibu wote hufa. Ni neno gumu. Hata hivyo nimeona familia zikiuza ng'ombe, halafu shamba, halafu mabati ya nyumba, zikimtembeza mtoto kutoka kwa mfumu hadi kwa mfumu na hospitali hadi hospitali. Picha ikisema kweli mapema, baba anaweza kurudi nyumbani na mtoto wake, kumpa dawa za maumivu, na kukaa naye siku zinazobaki, ndugu zake wangali na shamba la kulima.

SI KILA UVIMBE NI KANSERE

Katika nchi yetu donge ndani ya ubongo laweza kuwa kifua kikuu kilichopanda kichwani. Laweza kuwa vifuko vya mnyoo wa tegu, ule wa nguruwe. Laweza kuwa usaha uliotoka katika sikio bovu lisilotibiwa. Haya yana dawa! Kwa hiyo hata mtu akiambiwa, "Kuna kitu kichwani mwa mtoto wako," asiende kuchimba kaburi. Kansere nyingine za watoto nazo huyeyuka kwa dawa. Wazee wanakumbuka watoto waliovimba taya. Munganga Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliwaona watoto hao mwaka 1957. Mwaka 1961 alisafiri karibu kilometa 16,000 kwa motokari ya zamani pamoja na waganga wawili wa misioni, mmoja wao Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na mpaka wetu, wakiuliza kila hospitali na kuchora ramani ya ugonjwa ule. Baadaye dawa za kansere zikaonekana kuuyeyusha, mara nyingine kwa siku chache.

Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000 duniani wanapata kansere ya namna mbalimbali. Katika nchi tajiri wanapona zaidi ya 80 katika 100. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka shabaha ya kufikia 60 katika 100 kabla ya mwaka 2030 kwisha, na uvimbe wa ubongo wa namna ya upole ni mmoja wa kansere sita walizozitaja kwanza.

Jirani zetu wa Uganda wametangulia. Katika hospitali ya watoto ya CURE ya mji wa Mbale wanatibu watoto wenye maji kichwani na uvimbe wa ubongo. Huko ndiko munganga Benjamin Warf alikokuza njia ya kutoboa mlango mdogo ndani ya ubongo ili maji yapite, pasipo kumwachia mtoto mpira mwilini utakaoziba siku moja akiwa mbali na hospitali. Na katika Chuo Kikuu cha Mbarara, mwaka 2022, Waganda wakisaidiwa na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha kwa mikono yao IRM ndogo ya sumaku dhaifu. Picha zake si safi kama za ile kubwa, lakini yatosha kuona maji yaliyojaa, tena haihitaji ile baridi kali ya heliamu wala umeme mwingi. Nikiona habari kama hiyo nafikiri juu ya Walikale.

KABLA YA KUMPELEKA

Kutoka Masisi mpaka Goma ni kilometa kama 80, na ninyi mnajua maana ya kilometa 80 katika matope. Kutoka Walikale ni mbali zaidi sana. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi na Goma mwezi wa kwanza, na Walikale mjini mwezi wa tatu. Watu walikimbia na barabara zilifungwa. Kwa hiyo usiondoke kwa kubahatisha. Mwombe munganga wa kituo chako apige simu kwanza, aulize: mashine ipo? Inafanya kazi posho hii? Bei ni franga ngapi? Yuko mtu wa kuisoma picha? Mashine nyingi za nchi yetu hukaa zimekufa zikingoja kipande kimoja kutoka Ulaya.

Barua ya munganga isiseme "kichwa kinauma" tu. Iandikwe siku alama zilipoanza, ipi ilitangulia, mtoto anatembeaje, anaonaje, kipimo cha kichwa, na dawa alizopewa. Kama munganga ana dawa ya deksametazoni anaweza kumpa kwa ajili ya safari, inapunguza uvimbe kwa muda. Lakini angalieni: mtoto atachangamka, atakula, na baba atasema, "Amepona, turudi." Hajapona. Nanyi waganga wenzangu, msichome sindano ya mgongo kutoa maji kwa mtoto mwenye alama hizi kabla ya picha. Ubongo unaweza kushuka na mtoto akafa mezani.

Kwa IRM, semeni kweli juu ya chuma. Katika hospitali ya Masisi tumeona watoto wengi waliopigwa risasi au vipande vya bomu, na vingine vimebaki mwilini. Chuma kikiwa karibu na jicho au mshipa mkubwa, sumaku yaweza kukivuta. Msione haya kusema. Ondoeni pia pini, hereni, na ile kamba yenye kipande cha chuma aliyofungwa kiunoni na bibi yake.

Picha ikiisha kupigwa, ombeni filamu au sahani yake, muihifadhi mahali pakavu. Ni mali ya mtoto.

BINTI WA NYABIONDO

Baada ya mara ya tatu hawakurudi kwangu. Jirani aliwaambia kwamba mtoto amelogwa, kwa maana alianza kuanguka na macho kugeuka. Walimpeleka katika chumba kimoja cha maombi, mbali. Huko walisema ana pepo, akafungishwa chakula siku kadhaa. Mimi ni mwinjilisti, nami naomba pamoja na wagonjwa kila siku, sidharau maombi. Lakini Luka, aliyeandika Injili, alikuwa munganga, na sijasoma mahali popote kwamba aliambiwa aache kazi yake. Mtoto aliyefungishwa chakula hakuwa na nguvu ya kufunga. Mama yake ndiye aliyemwiba usiku, akambeba mgongoni mpaka barabarani.

Katika mji walipiga skaneri. Ilionyesha donge kisogoni na maji yamejaa juu yake. Ndugu wa kanisa walikusanya franga, naye akavushwa mpaka, akapigwa IRM, na wale waganga walisema, hata kabla ya kupasua, kwamba yaelekea ni ule wa upole. Ilikuwa hivyo. Ulitolewa wote.

Lakini maji yale yalikuwa yamebana mishipa ya macho miezi mingi. Mama alipomrudisha nyumbani alikuwa ananenepa, anacheka, anatembea akishika ukuta. Haoni. Ameendelea kuimba katika kwaya ya watoto, na anajua sauti yangu, nikipita huniita, "Munganga wa minyoo." Alifundishwa na mama yake, nadhani kwa mzaha. Siwezi kumkataza.

Mwaka huu mama yule alikuja kituoni asubuhi na mapema. Hakuwa na binti yake. Alimshika mkono mtoto wa jirani, mvulana wa miaka kama mitano, aliyeinamisha kichwa kidogo kuelekea bega la kushoto. Alisimama mlangoni, hakungoja zamu yake. "Munganga," akasema, "huyu anatapika asubuhi, halafu anaomba bugali."

Niliacha wengine wote, nikatwaa karatasi, nikaandika barua.